Kukua katika ufuasi wakati wa msimu wa korosho: jibu kwa karani wa Tandahimba

Msomaji mmoja wa wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, mwanamke Mkatoliki anayefanya kazi ya ukarani katika chama cha msingi cha ushirika, ameniletea barua ndefu ambayo kwa ufupi inasema hivi:

"Mwalimu, shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nikapata kipaimara, naimba kwaya, sikosi Misa ya Dominika, na Jumamosi alfajiri nahudhuria jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ninapoweza. Hata hivyo naona nimesimama palepale kwa miaka. Wenzangu wananishawishi nijiunge na kikundi cha maombi cha Mtwara mjini, ambako wanasema mtu hubadilika kwa mkesha mmoja. Minada ya korosho ikianza sipati nafasi hata ya kusali, na kazini yapo mambo ya mizani yanayoninyima usingizi, kwani kila gunia hukatwa kilo moja kwa jina la unyaufu, yaani kupungua uzito kwa kukauka, na kilo hiyo haiandikwi popote. Nyumbani naishi na mama na wajomba, nao ni Waislamu. Katika hali hii nitakuaje mfuasi wa kweli? Je, niache kwaya ili nipate muda wa Mungu?"

Milele na milele, Amina. Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mengi, na karibu yote umeyaeleza kwa utulivu, lakini habari ya mizani umeipitia haraka, katika sentensi moja, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka kuufungua. Naomba uniruhusu nianzie hapo, kwa sababu katika miaka yangu ya kufundisha makatekista nimewasikia waamini wengi wakilalamika kwamba hawakui, na mara nyingi sana nimeona kwamba hawakukosa sala, mafungo wala vitabu. Lilikuwapo jambo moja lililo wazi, ambalo Kristo alikuwa amekwisha kuwaonyesha wazi, nao walikuwa wakilizunguka. Mtu anaweza kuongeza novena juu ya novena akiwa bado analizunguka jambo hilo, na moyo wake ukabaki mzito vilevile. Usingizi unaoukosa nauona kuwa ni neema, kwa maana dhamiri yako ingali hai, na mahali dhamiri inapokugusa ndipo Bwana anapokuita sasa.

Katika Kanisa la kale swali lako lingejibiwa kwa njia inayofanana na hiyo. Upo waraka uitwao Mapokeo ya Kitume, ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya 3, na ndani yake mna maagizo ya kuwapokea watu waliotaka ubatizo. Walisikiliza Neno kwa muda wa miaka 3, lakini walipofika mara ya kwanza waliulizwa kwanza habari za maisha yao na kazi inayowapa riziki, na zilikuwapo kazi ambazo mtu alilazimika kuziacha ndipo apokelewe. Muda wa mafundisho ulipokwisha, hawakuulizwa wamehisi nini wakati wa sala. Kilichochunguzwa ni kama waliishi kwa uadilifu, kama waliwaheshimu wajane, kama waliwatembelea wagonjwa, kama walitenda mema, na aliyewaleta ndiye aliyetoa ushahidi juu yao. Kipimo cha kukua kilikuwa maisha yanayoonwa na watu wanaomjua mhusika. Nakisisitiza kipimo hiki kwa sababu wewe unajipima kwa kingine, yaani kwa msisimko ulioupata siku ya kipaimara na ambao haukurudi tena. Msisimko ni zawadi, nao huja na kuondoka. Huwezi kuutumia kupima ulipofika.

Nasi wa kusini tunao urithi wetu katika jambo hili. Wamisionari Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Watu wengi wanaifahamu kwa maneno "sala na kazi", na wanadhani maana yake ni kwamba mtu asali kwanza, kisha aende kazini. Ukiisoma sura ya 31, inayomhusu mtunza ghala wa monasteri, utakuta agizo linalokwenda mbali zaidi: avitazame vyombo vyote na mali yote ya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 57 nayo, inayowahusu mafundi, inawaonya wanaouza kazi za mikono wasithubutu udanganyifu wowote. Mtunza ghala, mwanangu! Benedikto alimwandikia mtu mwenye kazi kama yako, akamwambia kwamba utakatifu wake utaonekana katika namna anavyoshika vitu vya watu. Mizani iliyoko ghalani kwenu na kikombe cha Misa vinadai mikono ileile.

Basi fikiria kilo moja ni nini kwa mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho zake ghalani na kupewa karatasi ya uzito wake kabla hazijauzwa mnadani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, unasimama juu ya imani kwamba uzito ulioandikwa kwenye karatasi ndio uzito uliofikishwa na mkulima, kwa kuwa yeye hamuuzii mnunuzi mkono kwa mkono; analo lile karatasi tu mkononi. Amepalilia, amepulizia salfa ili kuikinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, ameokota, ameanika, amechambua, na sasa anasimama mbele yako akikutazama unavyoandika. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinaitaja mizani ya haki katika sura ileile inayoamuru kumpenda jirani kama nafsi yako. Sijui kama ni wewe unayeifaidi kilo hiyo au ni wengine, wala hukuniambia, lakini wewe ndiwe unayeshika kalamu.

Ufanye nini? Sikushauri usimame ghalani kesho na kuwakemea wakubwa wako mbele ya watu, kwa kuwa hasira ya siku moja haijengi kitu, na Bwana mwenyewe ametupa utaratibu katika Mathayo 18: kwanza kati yako na mhusika peke yenu, kisha mbele ya mmoja au wawili, ndipo mbele ya jumuiya nzima. Anza na kilicho mikononi mwako. Msomee kila mkulima uzito wake kwa sauti, naye auone kwenye mizani, kisha uandike huohuo. Kama kuna makato yanayoruhusiwa, yaandikwe kwa jina lake na kiasi chake. Yasiyoandikika hayana uhalali. Mwendee mwenyekiti au meneja faraghani, kwa heshima, umweleze kwamba hutaweza tena kuandika uzito usiokuwa wa kweli. Asipokusikia, peleka jambo kwenye bodi, na baada ya hapo wapo afisa ushirika wa wilaya na Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kukagua mizani za biashara. Na ikiwa ulipata chochote katika kilo hizo, hata kidogo, nenda kwa padre upokee Sakramenti ya Kitubio, ukijua kwamba Kanisa linafundisha pia wajibu wa kurudisha kilichochukuliwa, kama Zakayo alivyosimama akaahidi kulipa mara nne. Padre atakusaidia kuona namna ya kurudisha bila kuleta madhara mapya.

Sitakuficha kwamba njia hii ina gharama. Unaweza kupewa kazi nyingine yenye kipato kidogo, au msimu ujao usiitwe kabisa, na nyumbani kuna mama anayekutegemea. Luka anapoyaandika maneno ya Bwana juu ya kujitwika msalaba anaongeza "kila siku", na siku ya karani ina magunia ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo sitaki uende peke yako. Hapo ndipo jumuiya inapoingia, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa kirefu zaidi, maana naona umeitaja kama ratiba ya Jumamosi unayoitimiza ukiweza.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya umoja wa mabaraza yao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Walitaka familia chache zinazojuana kwa majina, zinazokaa jirani, zilisome Neno pamoja na kubebana. Katika parokia nyingi tumelipokea jina, lakini kikao chenyewe mara nyingi kimegeuka kuwa mahali pa kusomea orodha ya michango: zaka, ujenzi, sikukuu ya somo wa jumuiya, zamu ya usafi wa kanisa. Mambo hayo ni ya lazima na siyadharau, ila yakichukua saa nzima, Neno hubaki na dakika tano, na waamini hurudi nyumbani bila mtu hata mmoja kuulizwa anaendeleaje.

Jumuiya nyingi hutumia njia ya hatua saba, iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kuchagua maneno yaliyogusa na kuyarudia, kukaa kimya, kushirikishana, kuamua jambo la kutenda, na kumalizia kwa sala. Hatua ya sita ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Watu wamekwisha kushirikishana vizuri, jua limepanda, wengine wanawahi shamba, basi mwenyekiti anafunga kwa sala. Naamini kwamba sehemu kubwa ya udumavu tunaoulalamikia inatoka hapo. Hatua ya sita ikifanywa kwa uaminifu, Jumamosi inayofuata mtu wa kwanza kuzungumza anaeleza kama alichoahidiwa fulani kimetendeka au hakikutendeka, na hapo Injili inaanza kutembea kijijini.

Chukua mfano wa kangomba, yaani ulanguzi wa korosho, ambao unaufahamu kuliko mimi. Miezi ya njaa ikifika, mjane mwenye ada ya mtoto na ghala tupu anawauzia walanguzi korosho zake nje ya mfumo kwa bei ya kutupa, pengine zikiwa bado maua mtini, na msimu unapofika anavuna mali isiyokuwa yake tena. Kila mtu katika jumuiya anajua, na kila mtu anamhurumia. Jumuiya inayoifikia hatua ya sita itajiuliza kama inaweza kuwa na mfuko mdogo, unaowekwa fedha baada ya malipo ya minada na kukopeshwa bila riba katika miezi hiyo, ili mama huyo asilazimike kuuza mti wake. Wengine wana vikoba vinavyofanya kazi karibu na hiyo, lakini riba yake huwashinda walio maskini kabisa, nao ndio Bwana anaotuuliza habari zao. Mambo kama haya hukuza waamini wengi kwa pamoja: anayetoa anajifunza ukarimu, anayetunza fedha anajifunza uaminifu, anayekopa anajifunza kupokea bila aibu, na wote wanasali kwa jambo wanalolijua.

Kwa hiyo nakuomba umwendee mama mmoja au wawili wa jumuiya yako, wanaotunza siri na wenye uzoefu, uwaambie habari ya mizani kabla hujamwendea mwenyekiti wako. Usiitangazie jumuiya nzima siku ya kwanza. Majina ya watu yanalindwa. Katika unyago wetu msichana hakufundishwa utu uzima peke yake, bali alikuwa na kungwi aliyemkalia karibu, akamwambia ukweli na akabaki kumwangalia hata baada ya ngoma kwisha. Kanisa nalo lilikupa msimamizi siku ya ubatizo na siku ya kipaimara. Wengi wetu tunawakumbuka wasimamizi wetu kwa zawadi na picha. Kama wako yu hai, mtafute, hata kama amehamia Masasi au Newala, umwombe aifanye sasa kazi aliyoiahidi mbele ya altare: akuulize mara kwa mara kuhusu jambo moja ulilokusudia, nawe umjibu kweli.

Kuhusu kikundi cha mjini: sikukatazi mkesha wala mafungo, na najua watu waliorudi kutoka huko wakiwa wamepata nguvu mpya. Kama padre wako anakifahamu kikundi hicho na anakubali, nenda baada ya msimu, ukapumzike na kusali. Ila usikifanye kuwa mahali pa kukimbilia. Wabenediktini huweka ahadi ya kudumu mahali pamoja, katika jumuiya ileile, na Benedikto aliiweka kwa sababu alijua kwamba mtu hubadilika akiwa amekaa na wale wanaomfahamu udhaifu wake. Watu wa Mtwara mjini watakuona ukiwa na vitenge vyako safi na sauti nzuri ya kuimba. Jirani yako wa Tandahimba anajua ulivyomjibu mama jana jioni, na anajua ulivyoandika gunia lake.

Juu ya sala wakati wa minada nitasema machache, kwa kuwa wewe ni mtu wa kusali na tatizo lako ni nafasi tu. Usijipangie sala ya mtu asiye na kazi. Soma Injili ya Dominika ijayo mapema, Jumatatu, kisha chagua mstari mmoja utakaokaa nao wiki nzima unapopanga na kuhesabu magunia. Saa sita mchana sali Malaika wa Bwana, hata kama ni kimoyomoyo ukiwa umesimama karibu na mizani. Inachukua dakika chache tu. Usiku, kabla ya kulala, chunguza dhamiri kwa maswali mawili: leo nimemtendea nani haki, na nani nimemkosea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba waamini wote, wa kila hali na kila daraja, wanaitwa kwenye utakatifu, na kwamba walei wanaufikia katika shughuli zao na kwa njia ya shughuli hizo. Msimu wa korosho haukuondoi kwa Mungu. Unakuondolea baadhi ya sala ndefu kwa miezi michache, nazo utazirudia.

Nimefurahi kwamba umewataja mama na wajomba zako bila kinyongo. Kwa Wamakonde mjomba ni mtu mzito, na heshima unayompa ni sehemu ya amri ya kuwaheshimu wazazi. Hati ya Nostra Aetate ya mwaka 1965 inasema kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na ninyi wa kusini mliishi hivyo kabla hati hiyo haijaandikwa, kwa kuzikana, kuoleana na kusaidiana mashambani. Katika mwezi wa Ramadhani saidia kuandaa futari kwa moyo wote. Usifiche sala yako wala usiifanye hotuba. Ukiulizwa, jibu kama Mtume Petro anavyoagiza katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, kwa upole na kwa hofu, na usipoulizwa, wacha wakuone. Na kwa kuwa wajomba nao ni wakulima wa korosho, suala la mizani linawahusu pia. Huenda ukapata kwao ushauri na ulinzi kuliko unavyodhani, maana katika dini yao pia kupunja kipimo ni dhambi kubwa.

Mwisho umeuliza kama uache kwaya. Usiache. Kuimba ni utumishi, na kwa mtu aliyechoka, zaburi inayoimbwa na wengi humbeba siku ambayo hana maneno yake mwenyewe. Ila nimeona katika maelezo yako kwamba mazoezi ya kwaya hufanyika Ijumaa usiku hadi saa nne, na ndiyo yanayokufanya ushindwe kuamka Jumamosi alfajiri kwenda jumuiya. Zungumza na mwalimu wa kwaya akuruhusu uondoke saa mbili katika miezi ya minada, na kama haiwezekani, mwombe likizo hadi Noeli ipite. Jumamosi hii fika jumuiya mapema, ukae karibu na yule mama utakayemchagua, na kikao kikifika hatua ya sita, mwombe mwenyekiti kwa adabu asiiruke.